Mama Wawili wa Jaji Rifaat

Tanta, 14 Oktoba 1996

Kwako Dada Dawlat, binti wa mama mkubwa,

Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limepunguza ukorofi, na upepo wa bahari haujakuingia kifuani kama mwaka jana. Huku sote wazima. Maulidi ya Seyyid Badawi yamekwisha na mji mzima bado unanuka sukari. Nimekutumia halua ya ufuta na dengu za kukaanga kwa mkono wa mke wa Abdel-Mawgud, anakuja Aleksandria kwa bintiye. Zile dengu ngumu usizitafune upande wa kushoto, nayajua meno yako. Samiha hajambo? Na yule mumewe wa duka la dawa, bado anakohoa mwenyewe na dawa zimejaa rafuni?

Sasa kaa chini, Dada. Umekaa? Rifaat wangu ameteuliwa Jaji wa Mahakama ya Katiba.

Si mahakama hii ya kuku na mipaka ya shamba. Ile ya juu kabisa, ambayo serikali ikitunga sheria mbovu, wao huitazama, wakasema hii haifai, na sheria inakufa hapo hapo. Nilimwuliza, "Hata sheria ya Bunge?" Akaniambia, "Hata ya Bunge, Mama." Nikamwambia, "Basi uanze na ile ya kukata umeme." Akacheka mpaka akakohoa.

Nilivyokumbuka alikotoka, nililia juu ya kitunguu nikasingizia kitunguu. Unakumbuka alipoanza, wakili mdogo wa serikali kule Sohag? Joto na mbu, akila maharage ya ful asubuhi, mchana na usiku, amekonda kama kijiti cha kiberiti. Kisha hakimu Damanhur. Kisha jaji wa rufaa, na ule ukanda wa kijani begani, nilioupiga pasi kwa mkono wangu kwa sababu mkewe Ghada hajui kupiga pasi hata leso. Na sasa Katiba. Mzee Tulba mwenye bucha hapa mtaani, ambaye miaka yote alikuwa ananikatia shingo na mifupa, jana alinikatia paja bila kuombwa. Anasema, "Karibu, Mama wa Mheshimiwa." Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote kunitazama, Dada.

Watu wananiuliza nilimlisha nini huyu mtoto. Nawaambia ni dua na ukali wa mama. Alizaliwa mdogo, kama sungura, na mimi hali yangu ilikuwa mbaya, lakini Mungu alimtazama.

Niandikie upesi. Najua utafurahi.

Mdogo wako,
Inshirah, Mama Rifaat

*

Aleksandria, 20 Novemba 1996

Mdogo wangu Inshirah,

Salamu nyingi, na uniwie radhi nimechelewa kujibu. Dengu zilifika, halua ilifika nusu, nadhani mke wa Abdel-Mawgud njaa ilimshika njiani. Goti ni lile lile. Mvua za kwanza zimeanza na ukuta wa jikoni umeanza kutoa jasho. Samiha hajambo, wamempa ualimu mkuu wa shule ya wasichana, ingawa hukuuliza. Mumewe kikohozi kimepona.

Hongera kwa Rifaat. Nilikuwa nimeshaona picha yake gazetini kabla ya barua yako. Masikio ni yale yale. Nilimwonyesha mwenye genge la mboga, nikamwambia huyu namjua. Akaniuliza, "Unamjuaje?" Nikanunua bamia zangu nikaondoka.

Alipokuwa hakimu Damanhur alikuwa akija huku. Hukuniambia kama unajua. Alikuwa anakaa jikoni, si sebuleni, anakula samaki na wali wa kahawia, anajilambia vidole, ananiambia, "Mama Dawlat, samaki kama huyu Tanta hayupo." Nakuambia tu.

Umeandika kwamba alizaliwa mdogo na hali yako ilikuwa mbaya, lakini Mungu alimtazama. Ni kweli, Mungu alimtazama. Lakini Mungu hana maziwa, Inshirah.

Sasa jambo langu. Tangu kaka yangu Kamil afariki, mwenye nyumba anataka nitoke. Mkataba ulikuwa wa jina la Kamil. Mimi nimekaa naye humu tangu nilipofiwa na mume, na sheria inasema dada aliyeishi na mpangaji anabaki kwa kodi ile ile ya zamani. Mwenye nyumba amepata wakili mwenye sauti nene, anadai kifungu hicho kinavunja Katiba, kinamnyang'anya mtu mali yake. Hakimu wa hapa akasema hili si la kwangu, akalipeleka huko juu. Juu huko unakokujua.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia usije ukasikia kwa watu.

Dawlat, Mama Samiha

*

Tanta, 9 Desemba 1996

Dada Dawlat mpenzi,

Salamu na mapenzi, na hongera kwa Samiha, shule ya wasichana nayo ni kazi, nani amesema si kazi? Nina mafua, lakini mafua gani yatanishinda wiki hii! Dada, lala! Vuta blanketi ulale! Kesi yako iko mikononi mwa mwanangu! Niliposoma barua yako nilipiga kigelegele peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta akidhani nimeanguka.

Ijumaa Rifaat alikuja kula. Nilimpikia bata wa kujazwa wali na mboga ya mulukhiya. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Mama, kuna kesi ya Mama Dawlat imeletwa kwetu. Nataka kujitoa kwenye jopo."

"Ujitoe kwa nini? Umeumwa?"

"Hakimu haketi kwenye kesi ya jamaa yake."

"Jamaa wa karibu! Na sheria yenu si ina mpaka?"

"Ina mpaka. Daraja ya nne."

Nilikuwa na sinia la ful nachambua. Nikampangia punje mezani. Ya kwanza mimi mama yako, nikasema, ya pili mama yangu, ya tatu bibi yetu, ya nne mama yake Dawlat, ya tano Dawlat mwenyewe. "Tano! Yuko nje ya mpaka. Keti!" Mimi niliyeishia darasa la sita nimemhesabia Jaji wa Katiba, na akakubali hesabu!

Akasema, "Kwa damu sawa. Lakini alininyonyesha, Mama. Sheria yetu ya vitabu haina mstari wa maziwa, ila mimi ninao. Mama wa ziwa ni mama."

Hapo nikaona lazima niseme. Nikamwambia, "Mwanangu, alikunyonyesha mara tatu tu." Nilikuwa nimeshamwendea sheikh wa msikiti wetu, akanieleza kwamba ni mara tano za kushiba ndizo zinazofanya mtoto kuwa wa mtu. Chini ya hapo ni msaada tu wa jirani, kama kuazimana chumvi. (Sheikh wa mtaa wa pili anasema hata mara moja yatosha, ndiyo maana sikumwendea huyo.)

Rifaat aliweka kijiko chini. Akanitazama. Akasema, "Mara tatu?" Nikasema, "Mara tatu." Akasema, "Kama ni tatu, sina sababu ya kukikimbia kiti changu, na hakimu anayekimbia kiti bila sababu ni mtoro. Kama ni zaidi, siwezi kukikalia. Fikiri vizuri, Mama. Nitakuuliza tena." Akaondoka, hata chai hakumaliza. Kazi nyingi, maskini.

Basi Dada, ukiulizwa, useme tatu. Tatu kwako ni nyumba. Na kwangu, ndiyo kesi yake kubwa ya kwanza, magazeti yote yatakuwepo, mwanangu akae nje barazani kama mtu aliyekuja kuuza soda? Sote wawili tunapata. Na kusema kweli, Dada, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hayo mengine ni wema, na tulishakushukuru.

Mama Rifaat

*

Aleksandria, 3 Januari 1997

Inshirah,

Salamu. Huku ni baridi na sina habari nyingine.

Mara tatu?

Umesahau au unadhani mimi nimesahau? Miaka ishirini na kitu nyuma, baada ya harusi ya Zakiya pale Tanta, Rifaat wako alikuja kwako akakuambia anamtaka Samiha wangu. Samiha alikuwa hali wala halali. Na wewe, uliyekuwa unamtafutia mwanao binti wa watu wakubwa, ulisimama ukumbini kwa dada yako Nabawiya, mbele ya wanawake wote, ukapaza sauti: "Haiwezekani! Ni ndugu! Wamechangia ziwa moja siku arobaini!" Ulishika Msahafu, Inshirah. Mimi ndiye niliyesema mara tatu. Nilisema tatu kwa sababu mwanangu alikuwa analia chumba cha pili, na ningesema hata moja, ningesema sijawahi kumwona mtoto huyo. Ukanishinda. Nikachukua binti yangu nikapanda treni, na tangu siku hiyo sijakanyaga kwako, tunaandikiana za Idi na halua.

Sasa yamekuwa tatu?

Basi sikia. Wewe ulikuwa na homa ya uzazi, wamekulaza hospitali, hujui mchana wala usiku. Aliletwa kwangu amefungwa kitambaa cha mto, hana nguvu hata ya kulia. Samiha nilimweka kushoto, yeye nikamweka kulia, kwa sababu kulia ndiko kulikokuwa na maziwa mengi. Siku arobaini. Uliporudi ulinikuta nimekonda na yeye amenenepa mashavu, na neno lako la kwanza hukusema asante. Ulisema, "Mbona ananuka wewe?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa. Njaa yake aliijua nani?

Hujaona kwa nini mwanao hakumaliza chai? Nilidhani mama wa jaji ana akili. Ukimwambia tatu, unamwambia kwamba ulimnyima Samiha kwa kiapo cha uongo. Ukimwambia arobaini, anatoka kwenye kiti. Huo mtego nimekutegea mimi? Umeutega mwenyewe, kwa mdomo wako, mara mbili.

Mimi nitasema arobaini. Mwambie.

Dawlat, Mama Samiha. Na Rifaat.

*

Tanta, 17 Februari 1997

Dada Dawlat,

Idi njema, na kila mwaka tuwe wazima. Ramadhani ilikuwa nyepesi mwaka huu, siku fupi. Nimekuletea kopo la biskuti za Idi, kahki zetu zile, nimeongeza samli, zile zenye njugu ziko chini. Mafua yalipona, yakarudi. Mzee Tulba ameoza jino. Ghada amenunua makochi mapya ambayo mtu hawezi kuyakalia, yametandikwa nailoni.

Rifaat alikuja siku ya pili ya Idi. Alikuwa na watu. Ana kazi nyingi.

Barua yako nimeisoma.

Inshirah

*

Aleksandria, 11 Machi 1997

Mdogo wangu,

Kahki zilifika zimevunjika, lakini zilikuwa tamu, sitakunyima haki yako. Siku ya kusikilizwa kesi imeshapangwa, ni baada ya Idi ya kuchinja. Wakili wangu, kijana mmoja mwoga anayevaa tai ya baba yake, aliniuliza kama ni kweli nina jamaa kwenye jopo. Anang'aa macho. Nikamwambia muulize mama yake, mimi nasubiri jibu kama wewe.

Samiha amekuja. Nilimweleza. Nilidhani atakasirika, akacheka. Akasema, "Mama, yaani nyinyi wawili mmebadilishana uongo kama sahani za futari!" Kisha akasema, "Sema tatu, Mama, ubaki na nyumba. Mimi yangu yalishapita, nina watoto wanne na mume amepona kikohozi." Nikamwambia, siwezi. Akaniuliza kwa nini, nikashindwa kumjibu, kwa hiyo nakujibu wewe.

Wewe ukipita mtaani unaitwa Mama Rifaat. Mwenye bucha anakukatia paja. Mimi nikiona picha yake gazetini naikata kwa mkasi, kisha najiona mjinga, naiweka chini ya kitambaa cha meza, kama mwizi. Aliponiuliza mwenye genge, "Unamjuaje?" nilishika njia na bamia zangu. Miaka yote hii nakuonea wivu, Inshirah, na ninaposema wivu sisemi kijicho cha watu wa dukani. Nasema ule unaokaa hapa, kulia, palipokuwa na maziwa. Nikisema tatu, nabaki na vyumba viwili na ukuta unaotoka jasho, na mtoto anakuwa wako wote. Kwa bei hiyo siuzi.

Hujamwambia. Najua hujamwambia, ungekuwa umeshanitukana.

Dawlat

*

Tanta, 2 Aprili 1997

Dada,

Salamu utazipata mwishoni, nikiwa na nafasi.

Alikuja Ijumaa iliyopita. Sikupika bata. Nilipika dengu, nikaona mtu wa kusema kweli asijitie mambo makubwa. Akala sahani mbili. Unajua anavyokaa akiwa anangoja? Anakunja leso. Anakunja, anakunjua.

Mwisho akasema, "Haya, Mama. Nakuuliza tena."

Nikamwambia, "Na ukiketi, utaandikwa gazetini?"

"Naam."

"Kwa picha?"

"Huenda."

"Na usipoketi?"

"Hakuna atakayejua kama nilikuwepo."

Dada, wallahi neno tatu lilikuwa mdomoni limeshavaa viatu. Lakini nikayatazama macho yake. Hakuwa ananitazama kama jaji. Alikuwa ananitazama kama yule kijana aliyerudi kutoka harusi ya Zakiya. Nikaona nikisema tatu, huyu mtu ataendelea kuja kila Ijumaa, atakula, atanibusu mkono, na hataniamini tena mpaka siku atakayonifukia.

Nikasema, "Siku arobaini. Nilivyoapa ndivyo."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nikamwuliza, "Na kama ningeshikilia tatu?" Akasema, "Nisingekuamini, Mama. Niliulizia kwa watu nikajua Mama Dawlat anasema arobaini na habadili. Mtu anaposema neno linaloweza kumvunjia nyumba yake mwenyewe, hakimu humwamini. Wewe neno lako lilikuwa linakujengea." Eti! Kumbe nilikuwa nimeshahukumiwa mezani kwangu, kwa dengu zangu!

Kisha ikaja hii, na hii ndiyo inayoniuma, na utaifurahia, basi furahia. Alikwenda kuwaambia wenzake anajitoa. Mzee wao, mwenye masharubu meupe, aliyekula kwangu mara mbili, akamwuliza sababu. Rifaat akasema, "Mdaiwa ni mama yangu." Yule mzee akashangaa: "Mama yako si yupo Tanta? Mimi nimekula bata wake." Na mwanangu, niliyemzaa mimi kwa homa, akasema, "Huyo ni mwingine."

Mwingine! Mimi! Nimekuwa mwingine!

Nilimwambia, "Ungesema hata 'huyo ndiye wa kwanza'." Akacheka, akanibusu kichwani, akaondoka anapiga mluzi, na miaka mingi sijamsikia akipiga mluzi.

Basi umepata ulichotaka. Mtoto umemgawa nusu. Nimekasirika na sitakuandikia mpaka nikipoa. Salamu kwa Samiha, mwambie hongera ya shule, ile ya kwanza niliitoa kwa mkono wa kushoto.

Inshirah, Mama Rifaat (yule mwingine)

*

Aleksandria, 15 Juni 1997

Mdogo wangu Inshirah,

Salamu zangu za heri. Joto limeanza, watu wa Cairo wameshafika na miavuli yao, hakuna pa kutembea ufukweni. Barua yako ya Aprili niliisoma jikoni. Niliisoma mara nyingi, pale pa yule mzee mwenye masharubu. Nilikata kitunguu, na mimi nikasingizia kitunguu.

Kisha nikaenda kwenye genge nikanunua bamia. Mwenye genge hakuuliza kitu. Mimi nikamwambia, "Yule jaji wa gazetini ni mwanangu." Akasema, "Hukuwahi kusema." Nikasema, "Sasa nasema." Akaniongezea limau mbili. Si paja, lakini limau mbili.

Hukumu imetoka. Wamempa haki mwenye nyumba. Nilikuwepo, nilikaa nyuma na Samiha. Kiti kimoja kilikuwa na mtu mwingine, mnene, anayejifuta jasho, nilimtazama muda wote kana kwamba nikimtazama sana atageuka. Yule kijana mwenye tai ya baba yake alilia kuliko mimi. Aliniambia, "Mama, angekuwepo yeye..." Nikamwambia nyamaza, angekuwepo yeye ingekuwa hukumu ya mtoto kwa mama yake, na mwenye nyumba angekuwa na haki ya kulalamika mpaka siku ya kiama. Na nani amekuambia angesema upande wangu? Yule mtoto hata alipokuwa ananyonya alikuwa anaacha akishiba, hanyonyi kwa upendeleo.

Mwenye nyumba si mtu mbaya, amenipa mpaka msimu wa mvua. Samiha ananitaka kwake, lakini mama mkwe wake yumo humo, na majiko mawili ya wazee katika nyumba moja unajua yanavyoishia. Nitaona. Usimwambie Rifaat, atajisumbua.

Kamil alipanda jasmini kwenye roshani. Sijui kama inahamishika.

Dawlat

*

Tanta, 23 Juni 1997

Dada Dawlat,

Hakuna salamu. Umenikasirisha.

"Nitaona." Utaona nini? Mimi nina nyumba ya mume wangu, vyumba vinne, navitembelea peke yangu kama mlinzi wa shule wakati wa likizo. Chumba cha kaskazini kina dirisha la bustani. Nimeshatoa magodoro nje, nimeyapiga fimbo, jirani akaniuliza nani anakuja. Nikasema, "Mama yake Rifaat." Akafungua mdomo. Nikamwambia, "Funga, utaingia nzi. Anao wawili. Mtoto mkubwa kama yule, mama mmoja angemtosha?"

Hilo neno lilitoka lenyewe, Dada, sikulipanga. Na liliniuma wakati linatoka, usidhani halikuniuma. Lakini lilipokwisha kutoka nikaona, kumbe nimepata la kuringia zaidi! Mtaa mzima una mama wa daktari, mama wa mhandisi, hata mama wa brigedia yupo. Nani ana jaji wa mama wawili? Mzee Tulba nimeshamwambia aanze kutukatia mapaja mawili.

Rifaat nimemwambia. Umenikataza, ndiyo sababu nimemwambia. Atatuma gari la mizigo, na amesema jasmini inahamishika ukiikata fupi na kuacha udongo kwenye mizizi. Samiha aje na watoto wake wote Idi, wajaze hivyo vyumba, ndugu yake Rifaat awakalishe mapajani.

Ila nina masharti, na uyasome vizuri, yameandikwa na mtu aliyezaa jaji. La kwanza, jikoni ni kwangu. Samaki wako na wali wa kahawia utapika Jumatatu tu. La pili, usiniambie tena kuhusu kulia na kushoto mbele ya wageni. La tatu, ndilo kubwa: Ijumaa anapoingia, ananibusu mkono mimi kwanza. Kwanza, Dada. Wewe wa pili. Kwa hilo sina mjadala, na hakuna mahakama ya juu zaidi ya kulipeleka.

Nakungoja,
Inshirah

*

Aleksandria, 1 Julai 1997

Mdogo wangu,

Nimeikata jasmini fupi. Nakuja Alhamisi na treni ya asubuhi.

Masharti mawili ya kwanza nimekubali. La tatu ni rahisi: kaa karibu na mlango. Mimi nitakaa jikoni, huko anakopenda kukaa yeye.

Dawlat